Siku ya Kupumua

Watu wa hoteli na wa ofisi za utalii walimwita Polepole, naye jina hilo hakulikataa, maana ndilo lililokuwa likimlisha. Ofisi nyingine ziliwaswaga wageni kama mbuzi wa mnadani: asubuhi maporomoko, mchana msitu, jioni ziwa, na wiki ikiisha mgeni anarudi kwao hoi, simu imejaa picha za vitu asivyokumbuka aliviona wapi. Polepole hakutaka upuuzi huo. Ratiba zake zilikuwa za mwendo wa asubuhi tu. Mchana watu wamefika, wamevua viatu, wanaulizia chai. Kila kituo walilala usiku mbili au tatu, na mahali fulani katikati ya safari lazima pawe na siku isiyoandikwa kitu. Siku hiyo aliiita siku ya kupumua. Alipoitaja mbele ya wageni alivuta pumzi ndefu, mkono kifuani, hata nao wakajikuta wanavuta. Ulikuwa uigizaji mtupu, lakini ulifanya kazi.

Siku ya kupumua yenyewe waliipitisha nyumbani kwake. Lilikuwa wazo lake, na mwajiri wake, mama wa makamo aliyeitwa Madam na kila mtu, alilikubali mara moja kwa sababu halikumgharimu kitu. Ofisi ilikuwa na watu wawili tu na gari moja: Madam akipokea simu, Polepole akipanga safari na kuendesha. Alijenga vyumba viwili uani, mke wake akashona mapazia, na kwa kila usiku ambao mgeni alilala pale, ofisi ikamlipa. Fedha hizo ndizo zilizoezeka jiko na kuwavalisha viatu pacha wao wawili. Wageni walipapenda sana. Walikaa barazani wakamtazama Mama Pacha akichambua mchele, wakawatazama watoto wakihangaika na hesabu za shule, na zaidi wakamtazama mama yake Polepole, bibi mwenye ulimi mkali, ambaye picha yake akicheka kinywa wazi Madam alikuwa ameiweka kwenye tangazo la ofisi.

Bibi mwenyewe hakuona kilichokuwa cha kutazamwa. Gari likiingia tu, aliuliza hawa wamechoka na nini. Mtu mzima anatoka kwao, anapanda ndege, anakuja kumtazama yeye akinywa chai. Kwani huko kwao hakuna wanywa chai? Wageni walipomgeukia Polepole awatafsirie, alisema mama anawakaribisha kwa moyo mkunjufu.

Kisha moyo wa bibi ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi tatu za baraza zikawa mlima, na kulala chali hakuweza tena. Mahali pekee alipopata pumzi ya kutosha palikuwa kwenye kiti chake cha plastiki cha buluu, chenye mikono na mgongo mrefu, ambacho mguu wake mmoja ulifungwa waya baada ya pacha kukifanyia mchezo. Alishinda humo, na mara nyingi alilala humo. Daktari, kijana mpole, alimvuta Polepole kando akamwambia mambo ambayo huambiwa mtu kando. Dawa zitapunguza maji mwilini, lakini moyo wenyewe haukuwa na fundi. Wasihesabu kwamba kuna mwaka mwingine.

Polepole hakumwambia mama yake, na mama hakuuliza. Siku hiyohiyo, chai ikiwa bado ya moto, bibi alisema anataka kwenda kwa mdogo wake.

Mdogo wake aliishi kando ya ziwa, mwisho kabisa wa nchi, kule walikozaliwa wote wawili. Alikuwa amepofuka, hakusafiri tena. Miaka ilikuwa imepita wanasikilizana kwa simu tu, kila mmoja akimpigia kelele mwenzake kana kwamba simu ndiyo isiyosikia.

"Unatembeza watu usiowajua hata ukoo wao," bibi alimwambia mwanawe. "Mimi niliyekuzaa, safari yangu ndefu ni kutoka kitandani mpaka kwenye kiti hiki. Nipeleke nikamshike mkono. Sitaki kingine."

Polepole alirudi kwa daktari. Daktari alifikiri, akasema haikatazwi, ila kwa masharti. Akae garini kwa mwendo mfupi wa asubuhi, ashuke, anyooshe miguu, alale vizuri, apumzike hata siku nzima, ndipo aendelee. Akikalishwa garini kutwa, toka alfajiri mpaka jioni, maji yatajaa kifuani na hatafika. Polepole nusura acheke kwa furaha. Kijana wa watu alikuwa amemsomea ratiba yake mwenyewe.

Hakuwahi kupanga safari kwa moyo kama alivyoipanga ile. Kituo cha kwanza kilikuwa mji wa darajani, kwenye nyumba ya wageni isiyo na ngazi hata moja. Cha pili kilikuwa shamba la kahawa, kwa mwenye shamba ambaye Polepole alimpelekea wageni miaka yote, kwenye baraza linalopata jua la asubuhi. Pale wangelala usiku mbili. Cha tatu pembeni ya msitu, mahali pa baridi nzuri, jirani na zahanati yenye muuguzi anayemfahamu. Kisha ziwa. Wenye nyumba wote walimwambia alete mama, vyumba si vitu vya kulipiana. Madam naye alikubali kumpa gari, kwa sababu kati ya wageni wanaokuja na kundi la baada yao palikuwa na pengo la wiki moja. Angempeleka mama taratibu, amwache kwa mdogo wake, arudi peke yake kwa siku moja.

Kila jioni alimsomea bibi ile ratiba, naye alisikiliza amefumba macho. Pale darajani alitaka kujua kama maji yatakuwa mengi. Pale msituni alitaka ahakikishiwe kwamba nyani hawaingii ndani. Alimpigia mdogo wake simu akamweleza vituo vyote kimoja kimoja, na wapi watakula nini, kwa sauti ya mtu mwenye mali. Mama Pacha alimfungia mkoba wake mapema, wakauweka karibu na mlango. Hata kiti cha buluu kilikuwa na mahali pake nyuma ya gari.

Kwanza wageni wapite.

*

Walikuwa mume na mke, watu wazima waliostaafu, wapole, wenye kofia pana zinazofanana. Pacha waliwaita Bwana Kofia na Bi Kofia kabla hata hawajashuka garini.

Asubuhi yake Madam alikuwa amekuja kukagua. Alitazama huku na huku, akasifu mapazia, kisha macho yakatua kwenye kiti cha buluu. Alisema viti vya plastiki vinaharibu picha. Wageni wanalipa waone nyumba ya kweli, wakikuta plastiki wanadhani wako stendi. Polepole alijaribu kueleza habari ya pumzi, lakini alieleza kwa sauti ya mfanyakazi, na Madam akamjibu kwa sauti ya mwenye gari. Ni siku moja tu, alisema. Bibi akae kwenye kigoda, kama kwenye ile picha.

Kiti kikaingizwa stoo. Bibi alimtazama mwanawe akikibeba, akashushwa kwenye kigoda magoti yakiwa karibu na kifua. Na wageni walipokuja, alicheka. Alijua kazi yake kuliko wote. Alimwambia Bwana Kofia kwamba kofia ile angeweza kuanikia mpunga, na Polepole alipotafsiri, safari hii bila kubadilisha, wale wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Walipoingia kulala mchana, Polepole alimwinua mama yake akamkuta midomo imegeuka rangi.

"Kesho wanaondoka," alimwambia.

"Najua," alisema bibi. "Nirudishie kiti changu."

Kesho yake Bwana Kofia alimfuata Polepole kwenye gari, amevaa kandambili za Mama Pacha. Aliuliza kwa adabu zote kama ingewezekana kukaa siku moja zaidi. Kwenye ratiba, alisema, imeandikwa kwamba siku ya kupumua inaweza kurefushwa kadiri mgeni apendavyo.

Imeandikwa kweli. Polepole ndiye aliyeandika, na alijivunia mstari ule kuliko mingine yote, maana hakuna ofisi nyingine iliyothubutu kumpa mgeni uhuru kama huo. Alitaka kusema kitu. Midomo, iliyozoea, ikamtangulia.

"Hakuna shida," alisema.

Madam alipopigiwa simu alifurahi. Wiki ya pengo gari halikuwa na mtu wa kulilipia. Polepole alikwenda kwa mama yake akamweleza kwamba pale kwenye kahawa watalala usiku mmoja badala ya mbili. Bibi alisema sawa, kahawa hata hapa ipo.

Mara ya pili waliomba siku mbili. Bwana Kofia alisema hajawahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayeharakisha chochote. Polepole alisema hakuna shida, na shamba la kahawa likafutika lote, na msitu nao, pamoja na muuguzi wake. Mkoba bado ulikuwa mlangoni. Pacha walikuwa wameshauzoea, wanauruka wakipita.

Mama Pacha hakuwa mtu wa kelele. Alimsubiri mumewe jikoni, akafunga mlango, akaendelea kuosha sufuria.

"Waambie, Baba Pacha."

Polepole alisema mgeni hapewi habari za ugonjwa, hiyo ndiyo kanuni ya ofisi. Wametoka mbali kuja kupumzika. Na usiku wanazolala zinalipwa, mkewe mwenyewe si ndiye aliyekuwa akiwaombea watoto sare mpya?

"Sare zitangoja," alisema mkewe. "Mama yako anakaa kwenye kigoda kutwa anachekesha watu huku anazama. Wewe unamwona anazama, na unatafsiri. Ni watu wazuri wale, wakiambiwa wataondoka leo hii. Sasa unamwogopa nani?"

Polepole alichukua kitambaa akaanza kufuta sufuria. Madam alimwogopa kidogo, ndiyo. Lakini lililomfunga ulimi hasa lilikuwa lile jina lake. Miaka yote aliwafundisha watu wasiulize saa, wasiulize kesho kuna nini. Atawaendeaje leo watu waliomwelewa vizuri kuliko wote, awaambie wafanye haraka?

Hata hivyo alijipiga moyo konde. Alfajiri iliyofuata alitoka na maneno yake ameyapanga, akamkuta Bwana Kofia peke yake barazani, hana kofia, kichwa kimekuwa kidogo. Kabla Polepole hajafungua mdomo, yule mzee alianza. Alisema mke wake alimzika dada yake mwaka huu, na tangu siku hiyo hakuwahi kulala usiku kucha. Hapa amelala. Amelala usiku zote hizi kama mtoto mchanga, na sasa hivi bado amelala. Aliuliza kama wanaweza kupata siku nyingine, ya mwisho, akifuta machozi kwa kiganja.

Polepole alisimama pale na maneno yake. Alimfikiria mama yake kwenye kiti cha buluu, alichorudishiwa usiku tu, nyuma ya ukuta ule, ambaye naye alikuwa na mdogo wake wa kulilia, na alitaka kusema hivyo, na kama angesema yule mzee angeelewa kuliko mtu yeyote duniani. Lakini aliyekuwa analia alikuwa mgeni.

"Hakuna shida," alisema, mara ya tatu.

*

Siku waliyoondoka, Bi Kofia alimkumbatia bibi kwa muda mrefu. Bibi alimpigapiga mgongoni kwa mkono mmoja, mwingine umeshika nguzo. Polepole aliwafikisha wageni kituo chao cha mwisho na kurudi, na wiki ya pengo ikawa imebaki siku mbili.

Madam hakuwa na roho mbaya. Alisema chukua gari, nenda na mama yako moja kwa moja, alfajiri mpaka jioni, kesho yake urudi, utawahi kundi. Wengine husafiri hivyo kila siku. Polepole alimweleza alichosema daktari. Madam alisema basi, uamuzi ni wako, ila kundi liko uwanjani keshokutwa, na dereva mwingine hana.

Polepole alimweleza mama yake ili ajue tu, si kwa kumshauri. Bibi alinyoosha mkono akaonyesha mkoba.

"Twende hivyohivyo."

"Mama, hutafika."

"Nikifia njiani, si nitakuwa nimefia njia ya kwetu?"

Polepole alikaa chini kwenye kile kigoda, akamshika magoti. Alimwambia kundi hili likiondoka kuna nafasi nyingine, safari hii hatamruhusu mtu yeyote kuongeza hata saa moja, na vituo vyote atavirudisha: daraja, kahawa, msitu. Watakwenda vizuri, pole pole, kama walivyopanga. Alimwambia hayo kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na aliyaamini.

Bibi alimtazama. "Wewe mtoto," alisema, "una maneno matamu." Kisha akafumba macho, akaomba mkoba uondolewe mlangoni, watoto wasije wakajikwaa.

Kundi jipya lilikuwa la watu sita. Polepole alikuwa nalo kwenye maporomoko, mahali ambapo simu haishiki, na ambapo yeye mwenyewe aliwahimiza wageni wakae mpaka jua lihame juu ya maji. Walikaa. Mmoja alichora. Walipopanda tena barabarani, simu yake ilianza kutetemeka mfukoni na haikunyamaza. Zote zilikuwa meseji za Mama Pacha, na ya mwisho tu ndiyo iliyokuwa ya kumpa habari. Zile nyingine zote zilikuwa za kumwita. Bibi alifariki asubuhi kwenye kiti chake, akiwa amemtuma pacha mmoja amletee simu ampigie mdogo wake.

Polepole aliwafikisha wageni hotelini. Aliwaeleza saa za chakula. Kisha aliingia nyuma ya gari, pale kiti cha buluu kilipokuwa kimetengewa nafasi, akalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kama gari lina tatizo.

*

Bibi alikuwa amesema azikwe kwao, kando ya mama yake. Madam alitoa mchango mzuri, akaazima dereva kwa ofisi nyingine kwa ajili ya lile kundi, dereva ambaye mara hii alipatikana, lakini gari lenyewe lilikuwa na wageni. Ikabidi wakodi gari la kubebea maiti. Lilitozwa kwa saa, na mwenye gari alisema tangu mwanzo kwamba kusimama nako kunahesabiwa.

Waliondoka alfajiri. Polepole alikaa mbele na dereva, Mama Pacha na watoto nyuma kwenye benchi, jeneza katikati yao, miguu yao imelikinga lisiteleze. Walipita mji wa darajani watu wanafungua maduka. Maji yalikuwa mengi. Bibi aliwahi kuuliza hilo. Polepole alijigeuza kidogo kama mtu anayetaka kumwonyesha abiria kitu, ni mazoea, kisha akatazama mbele. Jua lilikuwa tayari juu ya baraza la shamba la kahawa, na mwenye shamba, ambaye alikuwa amepata habari, alisimama kando ya barabara amevua kofia. Dereva aliuliza kama wasimame. Polepole alisema hapana. Msituni watoto waliomba kukojoa, wakaambiwa wajikaze, mpaka yule wa kike akashindwa, akalia kwa aibu, na mama yake akamfuta kwa mtandio wake.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama walipoliona ziwa. Mama mdogo alikuwa amekalishwa nje, kwenye kiti, uso ameuelekeza barabarani. Waliomzunguka walianza kulia gari liliposimama, lakini yeye hakulia. Alinyoosha mikono hewani mpaka Polepole akaingiza ya kwake humo.

"Dada aliniambia mtakuja kwa vituo," alisema. "Aliniambia mtalala darajani. Aliona maji?"

"Hatukulala, mama mdogo. Tumetoka leo alfajiri."

"Na kwenye kahawa? Alisema pana jua zuri."

"Hatukusimama."

Mikono ya mama mdogo ilipapasa viganja vyake, ikapanda mpaka kwenye viwiko, ikitafuta sijui nini.

"Haraka ya nini, mwanangu?" alisema mama mdogo. "Alikuwa na haraka gani tena?"

Nyuma yao dereva alikuwa ameshafungua mlango. Aliomba watu wanne wenye nguvu wamsaidie kushusha, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda na alitaka kurudi usiku huohuo.